Nyota za Bamvua

Safari ya delta ya Rufiji hupangwa kwa mwezi kwanza, nauli baadaye. Nilipompigia simu mzee wa Nyamisati ambaye mume wangu humwita baba mdogo, nikamweleza kuwa nataka kuwaleta watoto waje kuangalia nyota, hakuona ajabu. Alisema tusije wakati wa mbalamwezi. Tuje giza, mwezi ukikaribia kuandama, maana nyota zitakuwa wazi na maji yatakuwa bamvua, mashua itapita hata kwenye vijito ambavyo siku za maji mafu huwa tope tupu. Basi likizo ya Juni ilipofika tukaishika kalenda, tukachagua siku za mwisho za mwezi wa Kiislamu.

Wazo lenyewe lilianzia Nairobi. Tulikuwa tumekwenda kwenye harusi ya ndugu, tukawapeleka watoto kwenye kuba la mianzi la Travelling Telescope, taasisi ya Susan Murabana na mumewe ambayo imetembeza darubini katika shule nyingi za Kenya. Mnalala chali, taa zinazimwa, mtambo unamwaga anga zima juu ya kuba, na mwongozaji anawapitisha kutoka nyota hii hadi ile. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo ulitengenezwa na kampuni ya Zeiss, ukaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Deutsches Museum, Munich, mwaka 1923. Tangu hapo jumba la nyota limekuwa nusu darasa, nusu sanaa: kuna mtu ameamua giza liingie polepole au ghafla, muziki gani upigwe, nyota ipi iwake mwanzo. Binti yetu, wakati huo darasa la sita, alitoka amekariri majina. Mdogo wake alitoka na swali. Nyota zinafanya kazi gani? Mwongozaji alimjibu vizuri, kwamba ndani yake hidrojeni hugeuka heliamu, hutoa joto na mwanga, na jua letu ni mojawapo. Mtoto akashukuru kwa adabu. Njiani akauliza tena, na safari hii nikamwelewa: alitaka kujua zinamfanyia nani kazi.

Nilijua watu wa kumjibu, na hawakuwa mbali na nyumbani.

Basi la Kibiti tulilipandia Mbagala Rangi Tatu. Barabara ya Kilwa inapita Mkuranga kwenye mikorosho na mafungu ya mananasi, inapita Bungu, na kabla ya mchana mmefika. Wifi yangu anakaa Kibiti mjini, tukalala kwake usiku wa kwanza. Baada ya chakula tulitoka uani, na hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo bado naliwaza.

Kati ya mwaka 2015 na 2017 usiku wa huku haukuwa wa kukaa nje. Viongozi wa vijiji, askari polisi na raia wengine waliuawa, na mwaka 2017 bodaboda zilipigwa marufuku kutembea baada ya saa kumi na mbili jioni. Wifi alisimulia kwa sauti ya kawaida huku mikono ikisuka. Jua likizama kila mtu ndani, komeo mlangoni, taa imezimwa, watoto wamelazwa na njaa ya kucheza. “Huyu wangu wa mwisho,” alisema, “alikua mpaka akaanza shule hajawahi kukaa nje usiku akatazama juu.” Kijana mwenyewe tulikuwa tunamwona kutoka pale tulipokaa. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka katikati ya wanangu, anawaonyesha kilikopita kimondo. Ukisikia watu wa mjini wanalalamika kwamba Kibiti hakuna cha kuona usiku, ujue hawajui kukaa uani kwa amani kumegharimu nini.

Alichokuwa anasuka wifi ni ukili wa ukindu, kanda nyembamba inayorefuka hadi ikaviringwa kama kamba. Baadaye kanda hushonwa ukingo kwa ukingo, na mkeka unapata upana wake kidogo kidogo. Miyaa mingine ilikuwa imetiwa rangi ya zambarau, mingine imeachwa na weupe wake. Taa ya uani ilikuwa nyuma yake, mikono yake ikawa kwenye kivuli, na hakuitazama hata mara moja. Binti yangu alimwuliza anajuaje rangi bila kuona. “Nahesabu,” alisema. “Mwaa mmoja ukikosewa, ua haliji.” Asubuhi alitupa mkeka mmoja uliokwisha kushonwa, akasema kule Nyamisati tusilale kwenye turubai kama watu wasio na kwao.

Kibiti mjini nyota bado ni nyingi, ila zimeanza kupungua kadiri umeme unavyoenea. Kwetu Dar es Salaam hali ni mbaya zaidi: ukitoka nje usiku usio na mawingu, unahesabu nyota kwa vidole. Na umeme huo sehemu kubwa unatoka mto huuhuu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa juu huko kwenye korongo, kabla mto haujashuka kuja kugawanyika vijito vya delta, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Maji ya Rufiji yanawasha taa zinazowaficha nyota watu wa Dar. Sisemi taa zizimwe. Mama anayejifungua usiku anahitaji taa kuliko anavyohitaji nyota, na kuna vijiji vya delta ambavyo ningependa viipate leo kabla ya kesho. Lakini taa ya barabarani inayomulika mawingu haimsaidii mama huyo. Kuifunika juu ili imulike chini ni kazi ya bati na fundi mmoja, na naamini miji yetu midogo ingeweza kuanza hivyo kabla haijafanana na Dar.

Kutoka Kibiti unarudi Bungu, unashika njia ya pwani hadi Nyamisati, kwenye gati ya meli za Mafia. Tulifika alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi. Watoto walikimbilia wazee kusalimia. “Shikamoo babu.” “Marahaba wajukuu zangu, mmekuja na giza lenu?” Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na mashua iliyopandishwa juu, na fundi alikuwa anamalizia kuipaka rangi.

Watoto walisimama pale hadi jua lilipozama, nami pia. Fundi alikuwa anachora jicho kwenye gubeti. Aliweka mfuniko wa mkebe wa rangi juu ya ubao, akauzungushia msumari, ikatokea duara. Akaijaza nyeupe. Akangoja ikauke. Kisha akauchukua mfuniko wa mkebe mwingine, mdogo kidogo, akauweka juu ya duara nyeupe lakini akausogeza pembeni, akazungushia tena, akapaka nyeusi ndani, na kilichobaki cheupe kikawa mwezi mwandamo. Nyota aliichora kwa mkono, bila kipimo. Macho ya namna hii yana ukoo mrefu katika pwani yetu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi badala ya misumari, ulikuwa nayo, na jahazi za Lamu huwa nayo hadi leo, mwezi na nyota ndani ya duara. Nilimwuliza fundi yana faida gani. Alinijibu kuwa chombo kisicho na macho hakijamalizika, sawasawa na nyumba isiyo na mlango.

Ule mfuniko mdogo juu ya duara kubwa ulinikumbusha tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua, wakati watu walipokusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia pete. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia Watanzania habari za anga, alikuwa miongoni mwa waliowaandaa watu kwa siku ile. Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia kuliko kawaida yake, ukaonekana mdogo kuliko jua, haukuweza kulifunika lote, ukaacha ukingo wa moto pande zote. Nilimwomba fundi anipe mfuniko. Niliuweka katikati ya duara la jicho la pili, ambalo lilikuwa bado jeupe lote, na watoto wakaiona Rujewa palepale kwenye gubeti.

Giza liliingia kwa haraka kama kawaida ya huku. Tulitandika mkeka wa wifi nyuma ya nyumba, mbali na redio ya jirani, tukajipaka dawa ya mbu, na baba mdogo akaleta kiti chake. Saa mbili usiku Msalaba wa Kusini ulikuwa juu ya mikoko, umeanza kuinamia magharibi, na nyuma yake nyota mbili kali zinazoufuata kila usiku. Ile ya mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri. Mwanga wake unachukua miaka minne na zaidi kidogo kutufikia. Nilimwambia mwanangu kwamba mwanga anaouona uliondoka kule yeye akiwa bado anajifunza kuongea. Mashariki Nge alikuwa ameshapanda na mkia wake umejikunja, moyo wake mwekundu, na Njia ya Maziwa imepita mgongoni mwake hadi chini kabisa baharini. Katika kuba la Nairobi tuliiona pia, nzuri na safi. Hapa ilikuwa na madoa meusi, mawingu ya vumbi yaliyo kati yetu na nyota za nyuma, na wanangu walidhani mvua inakuja.

Nyota moja ikaanza kutembea. Ilitoka kusini-magharibi, ikapita taratibu bila kumetameta, ikazimikia katikati ya anga ilipoingia kwenye kivuli cha dunia. Setilaiti, alisema binti. Nikapata nafasi ya kuwasimulia habari ninayoipenda kuliko zote za anga katika pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, mradi wa Waitaliano, ikabeba chombo cha Wamarekani. Chombo hicho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 ndivyo vilivyowasaidia wanasayansi kushuku kuwa pale pana shimo jeusi. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini walikuja kurushia huku. Kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, nikamwambia, roketi inapata msukumo wa bure. Akasema, “Kama kupanda na maji.” Mtu aliyeendesha mashua umri wake wote hahitaji kufundishwa habari ya msukumo wa bure.

Halafu yeye ndiye akawa mwongozaji. Aligeuza kiti kikatazama kaskazini. Huko chini, juu kidogo ya mapaa, zilionekana nyota za Dubu Mkubwa zimepinduka. Mzee alinyoosha mkono, akaonyesha mahali chini yake ambapo hapakuwa na kitu. Huko ndiko iliko Jaha, alisema, nyota ya kaskazini, ila haionekani hapa. Rufiji iko kama digrii nane kusini ya ikweta, kwa hiyo Jaha iko chini ya upeo wa macho usiku wote, mwaka wote. Baba yake, aliyekata boriti na kuzipakia kwenye majahazi kwa korija, alisimuliwa na mabaharia wa Uarabuni kwamba Jaha huanza kutoka majini ukishaipita Mogadishu, na kila siku unapokwenda mbele inapanda. Nahodha hupima kwa vidole imepanda kiasi gani, akajua yuko wapi.

Nikaongeza nilichokisoma. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, aliandika hesabu hizo za vidole kwa bandari nyingi, na pwani yetu imo. Kidole kimoja ni kama digrii moja na nusu hivi. Walikuwa pia na kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: unauma fundo kwa meno, unavuta uzi ukaze, ukingo wa chini wa kibao unagusa bahari na wa juu unagusa nyota. Kila fundo ni bandari. Binti yangu alichukua kifuniko cha kiberiti na uzi wa kushonea, akatengeneza ya kwake akipimia Alfa Sentauri. Kwa kuwa Jaha haikuwapo, alisema, atafunga fundo la Nyamisati kwa nyota iliyopo.

Boriti za delta hii ndizo zilizojenga nchi za watu. Mwanzoni mwa mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika humu ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokuja na kaskazi kupakia boriti na kurudi nazo na kusi. Vyumba vya nyumba za kale za Ghuba, kama vya Zanzibar na Lamu, ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na mti wa mkoko, na mti huo una urefu wake. Fikiria hilo: mtu amezaliwa Kuwait katika chumba kilichopimwa na mkandaa wa Rufiji, na mti huo ulifika kwake kwa upepo wa kusi na hesabu ya nyota. Mwanangu alikuwa amesinzia. Nilisikitika kidogo, maana hapo ndipo jibu lake lilipoanza kutolewa.

Tuliamshwa saa kumi alfajiri. Maji yalikuwa yamejaa, na baba mdogo alitaka tuwe ndani ya vijito kabla hayajaanza kutoka. Siku za bamvua katika pwani hii maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, usiku na mchana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Injini ilinguruma, tukaacha gati nyuma. Mnamo saa kumi na moja mzee alipunguza mwendo, akaelekeza kidole kaskazini-mashariki, pale ambapo weupe wa asubuhi ulikuwa haujaanza. Kishada kidogo cha nyota, kama sita kwa macho ya mtoto.

“Kilimia,” alisema. “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.”

Mwaka huu kilizama kwa mvua. Wakati wa masika kilitoweka upande wa magharibi baada ya machweo, jua likakipita, na sasa katika kiangazi kimezuka alfajiri. Wazee wa mpunga walikitazama kujua msimu umegeuka. Mwanangu, macho yamemtoka, aliuliza kama nyota hizo ndizo zinazoleta mvua. Mzee akasema hapana, hazileti, zinakuja kutoa taarifa, tena haziambii kila kitu. Masika ya 2024 mto ulifurika ukala mashamba, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikapiga Mafia na pwani hii, Kilimia kikiwa mahali pake kama miaka yote. Nilipenda kwamba hakulificha hilo.

Jua lilipotoka tulikuwa katikati ya mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Mkoko kwa miguu yake iliyopinda, mchu na vijiti vyake vilivyochomoza kwenye tope, mkomafi na matunda yake makubwa kama mipira. Tangu mwaka 2004 eneo hili, pamoja na Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watoto waliona zaidi kaa.

Humu ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye vijito hivi, zikalinda midomo ya mto kwa miezi. Mwishowe zikaletwa kutoka Malta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege kutoka Mafia zikaelekeza mizinga yake. Shambulio la 6 Julai 1915 halikumaliza kazi. Lile la 11 Julai ndilo lililoimaliza. Mimi nimezoea kusoma habari ya ndege na mizinga. Baba mdogo alianza na maji: mwezi ulikuwa wapi? Binti akatoa kalamu. Tulikuwa tumeshaona nyumbani kwamba jua lilipatwa tarehe 10 Agosti 1915, na jua halipatwi ila mwezi mpya. Akatoa siku 29 na nusu. Ikaja 12 Julai. Kwa hiyo shambulio la kwanza liliangukia maji mafu, la pili likaangukia bamvua.

“Mjerumani alitegemea tope,” mzee alisema. “Tope nalo lina siku zake.”

Salale tulishuka wakati maji yameshaanza kukimbia na mizizi inaonekana. Wenyeji wetu walitupa chai na wali wa jana uliopashwa na kambamiti. Ilibidi tupatane kuhusu kurudi: leo jioni maji yakijaa tena, au tulale hadi kesho. Mwanangu mdogo alimwuliza mzee maji huchelewa kiasi gani kila siku, akaambiwa kama robo tatu ya saa, kwa sababu mwezi nao huchelewa kuchomoza. Akakaa kimya anahesabu kwa vidole.

“Babu, tukilala, kesho alfajiri yatajaa saa kumi na moja kasorobo.”

“Haya,” mzee akamjibu. “Basi tulale, na wewe ndiye utakayetuamsha.”